Sura ya Sita: Herufi Zilizoshikana Mikono

Itazame kadi ya harusi uliyoletewa mwezi uliopita. Ukumbi, tarehe, saa na namba ya simu ya kutuma mchango vimeandikwa kwa herufi zilizosimama wima, kila moja mahali pake. Majina ya maharusi hayako hivyo. Yameinama kidogo kuelekea kulia, herufi ya kwanza imejikunja na kuachia mkia mrefu, na zinazofuata zimeshikana kwa uzi mwembamba tangu mwanzo wa jina hadi mwisho wake, kana kwamba mwandishi hakuinua kalamu hata mara moja.

Hakuna kalamu iliyogusa kadi ile. Kijana wa stesheneri alichagua fonti kwenye kompyuta, akabonyeza herufi moja baada ya nyingine, na jina likajiunga lenyewe. Sura hii inahusu kujiunga huko. Fonti za namna hii uzuri wake umo kwenye kiungo, pale herufi moja inapoukabidhi mstari kwa jirani yake. Kiungo hicho kinaonekana chepesi, lakini kiliwasumbua wapiga chapa kwa karne kadhaa, na hadi leo ndicho cha kwanza kuharibika mikononi mwa asiyekielewa. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.

Mkaguzi wa hesabu na kalamu yake

Fonti nitakayoifuata hatua kwa hatua inaitwa Snell Roundhand. Wenye kompyuta au simu za Apple wanayo tayari, hata kama hawajawahi kuifungua. Jina lake limetoka kwa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa London aliyefariki mwaka 1733.

Kufundisha mwandiko ilikuwa kazi yenye heshima London ya wakati ule, na iliyoipa heshima ni biashara. Meli zilitoka na kurudi, bidhaa zikakatiwa bima, madeni yakaingizwa vitabuni, na kila nyumba ya biashara ikahitaji makarani wanaoandika haraka na kusomeka na mtu wasiyemjua, katika bandari wasiyoifika. Mwandiko wa mviringo ulijibu haja hiyo. Herufi zake zina matumbo ya duara, zimelala mshazari mmoja, na neno zima huandikwa kwa mkupuo. Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini uliochongwa ncha. Mkono ukishuka na kukandamiza, ncha hupanuka na wino hutoka mnene. Mkono ukipanda bila kukandamiza, mstari huwa mwembamba kama unywele. Mstari huo mwembamba wa kupanda ndio unaovuka kwenda kuigusa herufi inayofuata. Kwa hiyo kiungo katika mwandiko huu huwa kwenye sehemu yake nyembamba kuliko zote.

Snell alikuwa pia mtu wa hesabu. Hisa za South Sea Company zilipoporomoka mwaka 1720 na kuwafilisi watu wengi Uingereza, yeye ndiye aliyechunguza vitabu vya Sawbridge and Company, kampuni iliyohusishwa na mmoja wa wakurugenzi wa South Sea, na ripoti yake ikatoka mwaka 1721. Wanaoandika historia ya uhasibu humtaja miongoni mwa wakaguzi wa kwanza wa nje. Akili iliyopekua vitabu vile ndiyo iliyopekua herufi. Katika miaka ya 1710 Snell alichapisha kanuni za mwandiko wa mviringo, akiipa kila herufi vipimo vyake: urefu, mlalo, upana wa tumbo. Walimu wenzake walipenda kuonyesha ufundi kwa kuchora ndege na wanyama kwa kalamu pembezoni mwa ukurasa, naye akaona hayo ni madoido yasiyomsaidia karani. Mwalimu mwingine, John Clark, aligombana naye juu ya kanuni hizo, na ugomvi wao ukaingia vitabuni. Chini ya ugomvi huo kulikuwa na swali zito: je, mkono wa mtu aliye hai unaweza kuwekewa vipimo?

Vitabu vya walimu hawa havikupangwa kwa herufi za risasi. Mchongaji alichukua bamba la shaba, akaufuata mwandiko wa mwalimu kwa tindo kali, akajaza wino kwenye mifereji na kukandamiza karatasi juu yake. Mchongaji George Bickham aliwakusanya mabingwa 25 katika The Universal Penman, kitabu cha mabamba 212 kilichoanza kutolewa kwa mafungu mwaka 1733, mwaka uleule aliofariki Snell. Tindo ilichonga mstari mwembamba kuliko unyoya ulivyoweza kuandika. Wanafunzi wakaketi na vitabu hivyo, wakajitahidi kuandika kwa wembamba waliouona kwenye chapa. Kalamu ikawa inaifukuza tindo, na mwandiko ukazidi kuwa mwembamba na wa fahari kizazi hadi kizazi.

Pwani ilikuwa imeshaunganisha

Wakati Snell akipima herufi zake London, waandishi wa Pate na Lamu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi ambazo hazijui kusimama peke yake. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate na mwaka 1728, umetufikia kwa hati ya Kiarabu. Katika hati hiyo kuungana ni sheria. Mtoto wa chuoni hufundishwa mapema kwamba herufi hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo: mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni, au ikiwa peke yake. Hufundishwa pia kwamba herufi sita, yaani alifu, dali, dhali, ree, zee na wau, hupokea mkono wa iliyotangulia lakini haziutoi kwa inayofuata.

Kiswahili kilipoanza kuchapwa kwa herufi za Kilatini katika karne ya 19, zilikuja herufi za risasi zilizotenganishwa. Kanga nazo zilihama: jina la kanga lililokuwa likiandikwa kwa herufi za Kiarabu likaja kuandikwa kwa herufi kubwa za Kilatini, zilizosimama mbalimbali ili lisomeke na anayekupita njiani. Herufi za kushikana zikabaki kwenye daftari la mwandiko shuleni na kwenye karatasi za siku kubwa. Ndiyo maana jicho letu likiziona kwenye kadi, kabla hata ya kusoma jina, hujua kwamba jambo lililopo si la kila siku.

Risasi haishikani

Wapiga chapa wa Ulaya waliutamani mwandiko wa mkono tangu zamani. Mwaka 1557, mjini Lyon, Robert Granjon alichonga herufi za chapa zilizofuata mwandiko wa Wafaransa wa siku zake. Zilikuwa nzuri, lakini zilikutana na tatizo la kimaumbile. Herufi ya chapa hukaa juu ya kipande cha risasi chenye pembe nne, na vipande hupangwa ubavu kwa ubavu. Herufi iliyosimama wima inatosha kwenye kipande chake. Iliyoinama haitoshi: kichwa chake kinatokeza upande mmoja na mkia upande mwingine.

Mchongaji alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kichwa kining'inie nje ya kipande, juu ya bega la jirani. Risasi ni laini, na kilichoning'inia huvunjika chini ya shinikizo la mashine. Ya pili ni kukipanua kipande mpaka herufi nzima itoshe, na hapo pengo linaonekana kati ya herufi na herufi, uzi unakatika, na jina linageuka msururu wa herufi zinazonyoosheana mikono bila kufikiana. Mwanzoni mwa karne ya 19 Firmin Didot wa Paris alitafuta njia ya tatu, akatengeneza vipande vilivyokatwa mshazari ili herufi ilalie mlalo wa kipande chake na vipande vishikane kama vigae. Ilikuwa kazi ya akili kubwa, lakini ilidai fundi mvumilivu na vipande vya ziada vya kuziba pembe, na duka la kawaida la uchapaji halikuwa na muda huo.

Kisha ikaja mashine iliyozidisha ugumu. Linotype ya Ottmar Mergenthaler ilianza kupanga gazeti la New York Tribune mwaka 1886. Opereta alibonyeza kibodi, kalibu za shaba nyeupe zikaanguka na kujipanga, risasi ya moto ikamiminwa, na mstari mzima ukatoka ukiwa kipande kimoja. Magazeti yakaenda mbio kuliko wakati wowote. Lakini kila kalibu ilikuwa na kuta zake, na hakuna herufi iliyoweza kuvuka ukuta kwenda kumgusa jirani. Mashine iliyopanga magazeti kwa kasi hiyo haikuweza kuandika jina moja la harusi kwa mstari usiokatika.

Mwanga hauna kuta

Matthew Carter alizaliwa London mwaka 1937, mtoto wa Harry Carter, mtaalamu wa historia ya herufi. Mwaka 1955, akiwa kijana mdogo, alipelekwa Haarlem nchini Uholanzi, kwenye nyumba ya uchapaji ya Enschedé. Huko alikaa chini ya P. H. Rädisch, mmoja wa mafundi wa mwisho waliojua kuchonga herufi juu ya ncha ya chuma kwa mkono. Alijifunza ufundi uliokuwa unakufa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1965, akahamia New York kufanya kazi Mergenthaler Linotype, kampuni iliyotokana na mashine ileile yenye kuta, akaikuta ikibadilika.

Risasi ilikuwa inaondoka, na mahali pake panachukuliwa na mwanga. Katika mashine mpya picha za herufi ziliwekwa kwenye kioo au filamu, mwanga ukamulika kupitia herufi iliyotakiwa na kuipiga picha kwenye filamu nyingine, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Mwanga hauna kipande cha pembe nne wala ukuta. Herufi ikiinama juu ya jirani yake haivunjiki, na mstari mwembamba ukiangukia juu ya mwingine, miwili inakuwa mmoja. Carter na Mike Parker, aliyesimamia kazi ya herufi pale, waliona kwamba njia bora ya kuonyesha uwezo wa mashine mpya ni kuipa kazi ambayo ya zamani isingeweza kabisa. Wakachagua mwandiko wa kushikana.

Lakini wa nani? Mabingwa wa London walikuwa wengi, na wengine walikuwa na mkono wa kuvutia kuliko Snell. Carter alimchagua Snell kwa sababu ya zile kanuni. Hebu piga hesabu: alfabeti ina herufi ndogo 26, na yoyote inaweza kufuatwa na yoyote, kwa hiyo kuna jozi 676. Fundi hawezi kuchora kiungo kipya kwa kila jozi. Lazima ahakikishe kwamba mstari unaotoka unaishia kwenye kimo kimoja na mlalo mmoja, na unaoingia unaanza papo hapo, ili jozi yoyote ikutane bila kuonyesha mshono. Hapo zipo herufi korofi: «b», «o», «v» na «w» humalizikia juu badala ya chini, na jirani yake inapaswa kupokelea hukohuko. Mkono uliojaa mbwembwe hauwezi kutii masharti hayo. Mkono wa mkaguzi wa hesabu, uliopimwa miaka 250 kabla, ulikuwa umeshayatii.

Snell Roundhand ikatoka katikati ya miaka ya 1960, na swali la John Clark likapata jibu lisilotarajiwa. Vipimo vilivyoonekana kuufunga mkono ndivyo vilivyousaidia kuvuka kwenda kwenye mashine ukiwa hai. Mwaka 1972 Carter alimrudia mwalimu mwingine wa zama zilezile, George Shelley, akatoa fonti yenye sura tatu, kuanzia yenye mapambo ya kiasi hadi yenye mikia inayopaa. Baadaye kabisa, mwaka 1996, Microsoft ilitoa Verdana, fonti ambayo Carter aliichora kwa ajili ya skrini za kompyuta za siku zile. Humo alihakikisha kwamba herufi hazigusani hata kidogo, maana kwenye skrini hafifu herufi zikigusana zinafanana na nyingine. Bingwa wa kuzishikanisha herufi alijua pia wakati wa kuziachanisha.

Herufi inayomtazama jirani

Snell Roundhand hufanya kazi kwa nidhamu: kila herufi ina umbo moja, na umbo hilo linakubaliana na zote. Mkono wa mtu hauko hivyo. Ukiandika «l» mbili mfululizo hazifanani kabisa, na herufi ya mwisho wa mstari hupata mkia ambao ya katikati haina. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe walitangaza OpenType, muundo unaoiwezesha fonti kubeba maumbo mengi ya herufi moja na kuchagua linalofaa kwa kutazama majirani. Bickham Script ya Richard Lipton, iliyotoka Adobe mwaka 1997 na kupewa jina la yule mchongaji wa mabamba, ilikuja kuutumia uwezo huo kwa upana: unapoandika, mikia inajirefusha na kujikunja kulingana na nafasi iliyopo. Zapfino ya Hermann Zapf, iliyotoka Linotype mwaka 1998, ina maumbo kadhaa ya herufi moja, na hata vifungu vya herufi vilivyochorwa pamoja.

Herufi inayobadilika kwa kumtazama jirani ilisifiwa kama jambo jipya. Kwa msomaji wa pwani si jipya. Ndiyo sheria ileile ya chuoni: mwanzoni umbo hili, katikati lile, mwishoni jingine. Uwezo ulioipa fonti ya Kilatini ulaini wa mkono ni wa ukoo mmoja na ule ambao hati ya Kiarabu imeudai kwa kompyuta tangu siku ya kwanza.

Kiswahili juu ya uzi mmoja

Sasa turudi kwenye ile kadi. Katika kompyuta nyingi za stesheneri zetu utakuta Edwardian Script ya Ed Benguiat, iliyotoka mwaka 1994, pamoja na Kunstler Script, Vivaldi na nyinginezo. Zote zina sheria zinazofanana, na Kiswahili kina mambo yake yanayozigusa.

Kwanza, maneno yetu ni marefu. «Tunawakaribisha» lina herufi 15. Likiandikwa kwa herufi za kushikana ni uzi mmoja mrefu usio na pa kupumzikia. Pili, tunapenda herufi za miguu mifupi. Katika mwandiko wa mviringo «m», «n», «u», «i» na «w» zote hujengwa kwa mguu uleule ukirudiwa. Andika «mwaminifu» kwa fonti hizi uone: karibu neno zima ni miguu, na jicho linalazimika kuhesabu. Tatu, kuna «ng'». Alama ya ritifaa huingia katikati ya uzi na kuukata, kwa hiyo jina lenye «ng'» lazima likaguliwe kwa macho, na pengine kusogezwa kwa mkono. Kwa sababu hizo herufi za kushikana zinafaa majina mawili, kichwa cha cheti, au neno moja la heshima. Aya nzima ya mwaliko haizifai.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika jina zima kwa herufi kubwa. Nimewahi kupokea kadi ya harusi ya binti wa ndugu yangu ikiwa hivyo. Kila herufi ilikuwa na mikia yake, na mikia ikapandana kama mizizi ya mkandaa. Shangazi alivaa miwani, akaigeuza kadi kwenye mwanga, kisha akauliza ni harusi ya nani. Herufi kubwa katika fonti hizi zilichorwa ili kila moja ianzishe neno na kuzikabidhi ndogo. Hazina viungo vya kupokezana zenyewe kwa zenyewe. Zikipangwa pamoja, fahari yote inageuka vurugu, na jina la bibi harusi linapotea siku yake mwenyewe.

Kosa la pili ni kutanua nafasi kati ya herufi ili jina lijaze mstari. Nafasi ikiongezwa hata kidogo, kila kiungo kinakatika. Jina likiwa fupi, kuza herufi au liache na uwazi wake. Uwazi nao ni pambo. Kosa la tatu ni udogo. Mstari mwembamba wa kupanda ukichapwa mdogo sana, ukatolewa fotokopi, au ukawekwa mweupe juu ya picha nyeusi, wino huumeza, na unachobakiwa nacho ni miguu minene isiyoshikana. Foili ya dhahabu kwenye karatasi yenye mikwaruzo huukatakata vilevile.

Kwa wanaochora mabango na kukata stika kuna jambo la kuongeza. Kwenye skrini herufi mbili zilizoshikana zinaonekana kitu kimoja, lakini kwa kompyuta bado ni maumbo mawili yaliyolaliana. Ukiliwekea jina mstari wa pembeni wa rangi nyingine, mishono yote inajitokeza. Ukilipeleka kwenye mashine ya kukata stika, kisu kinapita katikati ya kila kiungo. Kabla ya hapo maumbo yote lazima yachomelewe yawe kitu kimoja, kama fundi wa geti anavyochomelea nondo zake. Ni hatua ya dakika moja, na ndiyo inayomtenganisha fundi na anayebahatisha.

Namba ziache wima. Saa, tarehe na namba ya kutuma mchango havihitaji mapambo. Vinahitaji kusomwa bila kosa. Namba moja ikichanganywa na saba, mchango unaenda kwa mtu mwingine. Zipe fonti tulivu iliyosimama, nayo itayafanya majina yang'ae zaidi.

Nawaomba maharusi, kamati za harusi na vijana wa stesheneri jambo moja. Kabla kadi haijaenda kuchapwa, chapeni nakala moja kwa ukubwa wake halisi, mpeni mzee ambaye hajaiona, na mwombeni asome majina kwa sauti. Akisoma bila kusita, chapeni. Akisita, rudini kwenye viungo, mkague kimoja kimoja kama Snell alivyokagua vitabu. Jina la mtu ni zawadi aliyopewa na wazazi wake, na hakuna pambo lenye thamani ya kulifanya lisisomeke.